Mashujaa Walipobaki Kwenye Kichwa cha Shairi

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, na hasa wewe utakayeitwa ofisini kwa Mwalimu Mbwana uambiwe kwamba kuanzia leo kazi ya shairi ni yako: kaa chini, nina maneno.

Mimi nimestaafu. Najua mtacheka. Nina miaka kumi na nane, nipo nyumbani nasubiri matokeo ya kidato cha nne na kupukuchua maharage ya mama. Lakini kuna kazi zinazomzeesha mtu haraka, na hii ni mojawapo. Kwa miaka minne, kila Siku ya Mashujaa, mimi ndiye niliyeandika ule ubeti wa mistari minne unaosomwa mbele ya mnara wa kata, kuwakumbuka watu wetu waliokwenda vita vya Kagera wasirudi. Hamnijui kwa sura, na ndivyo nilivyotaka. Mnamjua Salma, yule aliyekuwa anasoma kwenye kipaza sauti hadi mbuzi wa sokoni wanageuka. Mimi nilikuwa nyuma ya viti.

Daftari hili naliacha maktaba, nyuma ya kamusi kubwa. Huko viongozi hawafiki.

Kazi nilipewa kwa kukamatwa. Nilikuwa kidato cha kwanza, naandika shajara yangu chini ya dawati wakati wa kipindi cha Kiswahili. Mwalimu Mbwana ni mtu wa Tanga, alipangiwa huku zamani na hajazoea baridi hadi leo. Anafundisha na koti. Tena ana ugonjwa wa kuhesabu mizani. Mkuu wa shule akihutubia mstarini, Mwalimu Mbwana anakunja vidole mgongoni, silabi moja kidole kimoja. Alichukua shajara, akasoma ukurasa mzima kimya, mimi nikiwa nimeshaandaa viganja kwa fimbo.

"Wewe unaandika sana na husemi kitu," akaniambia. "Watu kama nyie kamati ya Siku ya Mashujaa inawatafuta."

Sasa mbinu. Za kwanza nilizipata kwake, nyingine nilizipata kwa aibu.

Mstari una mizani kumi na sita, nane huku nane kule. Mwisho wa mstari weka sauti ya "mu", maana damu lazima iwemo, na damu ina ndugu wengi: kalamu, salamu, hukumu, kudumu, muhimu. Ukikwama kabisa andika "daima dawamu". Miaka mitatu niliiandika na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza maana yake, na afadhali, maana nisingejibu.

Halafu kuna simba. "Simba walikwenda vita, wakamwaga yao damu." Huo ulikuwa mstari wangu wa kwanza na niliupenda mpaka nikalala nao. Kwa simba huyu mmoja nilihudumia kata nzima. Dereva, simba. Mpishi wa kikosi, simba. Ndugu wa marehemu wakija kuomba ubeti wa kusoma kwenye misa ya kumbukumbu, ninabadilisha jina tu, simba anabaki palepale kama msumari wa kutundikia kalenda.

Simba aliniumbua Kasulu. Familia moja ya huko, jamaa wa mama, walikuwa wanajengea kaburi la mzee wao aliyekufa wakati wa vita. Wakaomba ubeti kwa simu, nikautuma kwa simu. Humo nikaweka risasi, nikaweka kifua kilichoipokea, nikaweka bendera. Salma hakuwepo, akasoma mjomba. Alipomaliza, kaka wa marehemu, mzee mmoja mwenye fimbo, akasimama taratibu.

"Tunamshukuru mtoto aliyeandika," akasema. "Ila kaka yangu alikufa kwa kuhara, njiani, kabla hajafika. Risasi hakuiona. Lakini kama mmeshachapa karatasi, basi iwe risasi."

Watu walijitahidi wasicheke, ikawa mbaya zaidi. Mimi nilikuwa jikoni naosha masufuria ambayo yalishaoshwa. Kwa hiyo mbinu ya kwanza ya kweli ni hii: kabla hujamwandika mtu, uliza alikufaje. Ya pili nilichelewa kuijua, nayo ni kubwa kuliko hiyo: uliza aliishije.

Hapo ndipo anaingia Bibi Agripina.

Mmemwona. Yule bibi mwembamba anayekaa kiti cha kwanza kulia, kile kilichofungwa kitambaa cheupe. Ndiye mjane pekee wa vita aliyebaki kata hii. Wengine wamefariki au wamefuata watoto wao mbali. Mume wake aliitwa Zakaria. Bibi anaongea Kiha tu, lugha ya huku kwetu. Kiswahili kinampita masikioni kama pikipiki. Mwalimu Mbwana, alipoona kwamba nikisimama mbele ya watu mdomo wangu unakauka mpaka meno yananata, akanipa kazi ya kujificha: nikae nyuma ya Bibi Agripina nimtafsirie shairi sikioni wakati Salma anasoma.

Sisi nyumbani tunaongea Kirundi. Bibi zangu walikuja wakikimbia vita vya Burundi, wazazi wakapata uraia, mimi nimezaliwa hapahapa. Kirundi na Kiha ni ndugu waliogawana shamba, mpaka unaujua lakini kuku wanavuka. Bibi alikuwa ananitania: "Nyie mnavuta maneno kama mnavuta ng'ombe asiyetaka mnada. Haya, vuta nisikie."

Mwaka wa kwanza nilimtafsiria mistari minne yote ya simba. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa heshima, akauliza, "Huyu simba ni wa nani?"

"Ni mume wako, Bibi. Na wenzake."

"Aaa," akasema, akageukia mnara. Nikadhani ameguswa.

Mwaka wa pili, Mtendaji wa kata, ambaye ndiye anayeongoza kamati ya maandalizi na ambaye kwao ni Singida, akaniita. Mgeni rasmi wa mwaka uliopita, akasema, alikaa mistari minne mizima bila kutajwa. Alivumilia, lakini uso ulionekana. Basi mstari wa kwanza uwe wa kumkaribisha. Nikaandika. Marehemu wakabaki na mitatu.

Mwaka wa tatu akajitokeza mfanyabiashara wa maharage wa Kibondo mjini, akatoa turubai na soda. Mtu akikupa kivuli na soda mwezi wa saba, na lile vumbi letu jekundu, humnyimi mstari. Marehemu wakabaki na miwili. Siku hiyo, Salma alipomaliza, Bibi Agripina aligeuka akanionyesha vidole. Kumbe naye alikuwa anahesabu, kama Mwalimu Mbwana.

"Mwaka ule minne," akasema. "Juzi mitatu. Leo miwili. Mwana wanje, mwanangu, mume wangu alikufa mara moja tu. Kwa nini nyie mnamuua kidogo kidogo?"

Nilimpa soda yangu. Akaipokea, akaiweka chini ya kiti, akaendelea: "Na hata hiyo miwili si yake. Zakaria hakuwa simba. Mimi nimezeeka. Nataka kumsikia mara moja, yeye mwenyewe, kabla sijaacha kuja hapa. Utaweza au utanipa mnyama mwingine?"

Usiku ule shajara yangu ilipata mstari mmoja: sijawahi kuuliza.

Jumamosi yake nikaenda. Nyumba yake iko chini ya barabara, kwenye migomba. "Mwakeye, Bibi," nikasalimia, akaniangalia kama mtu aliyejua nitakuja, akanisukumia ungo wa maharage. Hiyo ndiyo mbinu ya tatu: usimhoji mtu mikono ikiwa mitupu. Shika kazi. Maneno yanakuja yenyewe.

Akaniambia Zakaria alikuwa anaogopa ng'ombe. Mwanaume mrefu, bega hivi, akiona ng'ombe njiani anaingia shambani kwa watu hadi apite. Akaniambia alipokuwa na mimba ya kwanza, yule mtoto ambaye hakukaa, Zakaria alimchotea maji, akabeba ndoo kichwani mwenyewe, kutoka chemchemi mpaka nyumbani, mchana, wanaume wenzake wamekaa wanakunywa. Walimcheka mwaka mzima. Wakampa jina la kike. "Akaendelea kubeba," Bibi akasema. "Ng'ombe aliwaogopa, kuchekwa hakukuogopa."

Siku ya kuondoka jembe lake lilikuwa limevunjika mpini. Bibi akamwambia litengeneze kwanza. Akasema atalitia mpini akirudi.

Akainuka, akatoka na lile jembe. Chuma kitupu, kimeliwa na kutu pembeni. "Wamekuja vijana wengi kutaka kunitilia mpini," akasema. "Nawaambia lina mwenyewe."

Nikarudi nyumbani nikaandika. Haikukaa kwenye mizani hata kidogo. Niliikata huku ikatokeza kule, kama mguu kwenye blanketi fupi. Mwishowe nikaiacha ilivyo, kwa Kirundi changu cha kuvuta, nikaificha.

Nikajipa moyo kwamba mwaka wangu wa mwisho nitaipenyeza. Miwili ya mgeni na soda, miwili ya Zakaria. Nikaenda kwenye kikao cha kamati na karatasi kiganjani, imelowa jasho.

"Choo kiingie," Mtendaji akasema kabla sijaketi.

Mwalimu Mbwana akauliza, "Choo kipi?"

"Choo cha soko. Matundu manane. Kinazinduliwa siku hiyohiyo."

"Kwenye shairi la mashujaa?"

"Mwalimu, mgeni rasmi ni mmoja, gari ni moja, mafuta ni ya kuomba. Saa nne choo, saa tano mashujaa. Shairi nalo liwe moja. Na mstari wa mwisho uwe maendeleo ya kata, tumalize kwa matumaini."

Mwalimu Mbwana akakunja vidole. "Mgeni, choo, soda, maendeleo. Minne imekwisha. Mashujaa wako wapi?"

"Wako kwenye kichwa cha shairi. 'Mashujaa Wetu.' Kichwa ndicho kikubwa, au siyo? Hata mwili hauendi bila kichwa."

Wajumbe wakaona ni hoja. Mimi nilikuwa na hotuba nzima tumboni, ikabaki humohumo. Nilipomweleza baba jioni, nikamuuliza pia kitu kilichonisumbua muda mrefu: babu yangu mwenyewe aliuawa vitani, ng'ambo ya mpaka, bila sare, bila mnara. Siku moja si angeweza kupata hata nusu mstari? Baba akacheka kwa pua. "Mstari wenyewe mnagombania na choo. Mzee wangu utampeleka wapi, tundu la tisa?"

Basi nikaandika walichotaka. Naliweka hapa kamili, kama onyo:

*Mashujaa Wetu*
*Karibu mgeni wetu, twakupa zetu salamu,*
*Umejenga soko letu, choo safi na muhimu,*
*Na mdhamini mwenzetu, soda zake tamutamu,*
*Songa mbele kata yetu, maendeleo yadumu.*

Mizani haina kasoro. Mwalimu Mbwana alihesabu mara mbili, akatia sahihi, akaenda kunawa mikono.

Siku yenyewe Salma alilisoma kama anatangaza vita upya. Yeye ni mtoto wa muuguzi kutoka Morogoro, Kiha hajui, na kwake shairi ni sauti tu. Mimi nyuma ya kiti cheupe. Alipotaja kichwa, Bibi Agripina akainamisha sikio. Na mimi, wadogo zangu, ambaye sijawahi hata kunyoosha kidole darasani, nikafanya jambo ambalo halimo kwenye ratiba. Salma alisema karibu mgeni. Mimi nikamwambia Bibi kwamba Zakaria aliogopa ng'ombe. Salma alisema choo. Mimi nikasema ndoo. Soda zikapita, maendeleo yakapita, na mimi taratibu sikioni nikafika kwenye jembe.

Makofi yakapigwa. Bibi hakupiga. Akasimama, akashika mgongo wa kiti, akasema kwa Kiha, kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Kumbe mnajua aliogopa ng'ombe. Na nyie mliomcheka kwa ndoo, naona wengine bado mpo. Lirudiwe, niwaangalie."

Sasa fikirini uwanja ule. Watu wote chini ya turubai ni wenyeji, wameelewa kila neno. Kicheko kikapasuka nyuma kwa akina mama, halafu kikakatika, kwa sababu wazee watatu wa benchi la pili walikuwa wanatazama viatu vyao. Meza kuu, ambayo ni Singida, Mbeya, Tanga na sijui wapi, ikaendelea kupiga makofi.

Mgeni rasmi akafurahi. "Bibi anasemaje? Mkalimani?"

Kipaza sauti kikaletwa mdomoni kwangu. Nilikiona kikubwa kama muwa.

"Anasema," nikasema, nikasikia sauti yangu inarudi kutoka ukuta wa soko, "anasema lirudiwe."

Ilikuwa kweli. Salma akarudia, choo na vyote, kwa nguvu zaidi. Nami nikarudia chinichini. Bibi akasikiliza akiwa amesimama, macho kwenye benchi la pili, machozi yanashuka bila yeye kuyafuta.

Mgeni rasmi akafuta miwani. Akasema ameona kwa macho yake jinsi miradi inavyowagusa wananchi wa hali ya chini. Akaagiza shairi hilo lichongwe kwenye kibao cha marumaru, kibao kibandikwe mnarani.

Baada ya soda nilimsindikiza Bibi hadi barabarani, nikaanza kukiri. Nilimwambia, Bibi, kile nilichokutafsiria, yule dada hakukisoma.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mwana wanje, Kiswahili sikijui. Lakini choo nakijua."

Tukatembea. Vumbi la gari la mgeni likatufikia, tukasimama mpaka lishuke.

"Uliniambia sikioni," akasema. "Ni vizuri. Lakini mimi nikifa, sikio nakwenda nalo. Hayo yaweke mahali."

Fundi wa marumaru alitoka Kasulu, ndiye anayechonga mawe ya makaburi. Mtendaji aliniagiza nimwandikie shairi kwenye karatasi safi, lipitie kwa Mwalimu Mbwana, kisha kwa fundi. Siku mbili nilikuwa na karatasi mbili kwenye begi. Moja ya choo. Nyingine ya Zakaria, nimeigeuza Kiswahili, ikapungua utamu lakini ikabaki na mifupa. Nilijua nikikamatwa nafukuzwa shule miezi michache kabla ya mtihani, na mama angenimaliza kabla ya mkuu wa shule. Niliogopa kweli. Halafu nikakumbuka kuna mtu aliogopa ng'ombe, na bado alikuwa anapita njia ileile kila siku.

Nikampa Mwalimu Mbwana ya pili. Akasoma. Vidole vikaanza.

"Mstari wa kwanza una mizani kumi na tisa," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Vina hakuna."

"Hakuna, Mwalimu."

Akafunga kifungo cha koti. "Siwezi kusema hili ni shairi," akasema, akitafuta kalamu. "Lakini fundi ametoka Kasulu, tusimcheleweshe." Akatia sahihi.

Mtendaji alikuja kukagua kibao kikiwa bado kwenye toroli. Alipitisha kidole kwenye jina la mgeni rasmi, herufi kwa herufi, kisha kwenye cheo chake. "Jina la Mheshimiwa lipo. Cheo kipo." Alikuwa ameagiza vyote viwili viwe vikubwa, vionekane kutoka barabarani, kwa hiyo shairi fundi alilibana chini, kwa herufi ndogo, usawa wa goti. Mtendaji hakupiga goti. Hadi leo hakuna kiongozi aliyepiga goti pale, na ndiyo siri yangu nzima, nawaachia.

Kwa hiyo wewe mrithi, ukishindwa, andika unayoambiwa, sikulaumu, mimi niliandika choo. Lakini nenda kwanza ukapukuchue maharage na wenye wafu wao. Na siku za gulio, ukipita pale mnarani na begi la shule, utamkuta Bibi Agripina amekaa kwenye ngazi. Atakushika mkono akuombe umsomee. Anawaomba wote, anapenda kulisikia kwa sauti tofauti. Piga goti, futa vumbi, utaona haya:

*Zakaria aliogopa ng'ombe, hakuogopa kuchekwa.*
*Alimbebea mkewe maji kichwani, wanaume wakitazama.*
*Alisema jembe atalitia mpini akirudi.*
*Jembe lipo. Mpini bado.*

Mweleze kwa Kiha, polepole. Usiongeze simba. Safari hii tafsiri kama ilivyoandikwa.